SOMO: Jinsi ya kupanga wikiendi ya Mji Mkongwe na washkaji mpaka safari ifanyike kweli

Habari zenu wadau. Nimeahidi hili somo muda mrefu kwa sababu kila nikiweka picha za Zanzibar naulizwa swali lile lile, "nyie mnawezaje, sisi kila mwaka tunapanga na hatuendi". Mimi naishi Dar, tuko watu sita, tushaenda Unguja pamoja mara nne sasa na mara zote tumerudi tukiwa bado tunapendana. Mara ya kwanza kabla ya hizo nne haikwenda vizuri, grupu la wasap lilikuwa na watu kumi na moja, kila mtu anaandika "niko ndani", moto moto, emoji za boti, nikalipia vyumba kwa hela yangu nikijua ntarudishiwa, siku ya siku tukatokea wanne. Wengine walikausha kabisa, meseji wanasoma hawajibu. Urafiki wa miaka ukapoa kwa ajili ya hela ya vyumba. Iliniuma sana na ndo maana naandika hili kwa urefu.

Hatua ya 1: Hesabu watu kwa hela, sio kwa maneno

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinafuata. Msianze na tarehe, msianze na hoteli, wala msianze kubishana twende ufukweni Nungwi au tubaki mjini. Anzeni na kishika nafasi. Sisi tunaweka elfu 50, na siku ya mwisho ya kuilipa inatajwa wazi, mfano tarehe 5 saa sita usiku. Aliyetuma jina lake linaingia kwenye orodha, ambaye hajatuma hayupo, bila maneno mabaya bila kumsema, hayupo tu, labda mwezi huu mambo yake hayajakaa sawa na anaona aibu kusema. Ukifanya hivi unampa mtu njia ya kujitoa kwa heshima. Anayesema "nihesabu ntalipa mwisho wa mwezi" mwambie kwa upendo kabisa kwamba orodha inafungwa tarehe 5.

Mweka hazina awe mmoja, na asiwe yule anayeongea sana kwenye grupu, awe yule ambaye ukimkopesha anarudisha siku aliyosema. Kila hela ikiingia anaandika kwenye grupu jina na kiasi. Mtu akituma kwa simu atume na ya kutolea, la sivyo makato mnamwachia mweka hazina, na kwa watu sita hicho sio kitu kidogo.

Na mkubaliane mapema, kwa maandishi, mtu akijitoa inakuwaje. Kwetu ni hivi: akijitoa kabla tiketi na vyumba havijalipwa anarudishiwa yote, akijitoa baada ya hapo anarudishiwa kile tu ambacho hakijatumika, au alete mtu wa kuziba nafasi. Mkishaliandika hili wakati wote mna furaha, hamtagombana baadaye.

Hatua ya 2: Bajeti ya kichwa kimoja

Safari yetu ya mwisho tulichanga 280,000 kila mtu kwa siku mbili za kulala. Boti kwenda na kurudi tulitenga 70,000, vyumba 90,000 (vyumba vitatu, wawili wawili), chakula 60,000, matembezi na usafiri wa ndani 30,000, na 30,000 ya dharura ambayo haiguswi. Jumla ya sita ni 1,680,000. Bei zinabadilika kwaiyo nyie pigeni simu mpate za wakati wenu, ila mgawanyo huo utawasaidia. Ile ya dharura watu huwa wanaikata ili safari ionekane rahisi, msiikate. Mwenzetu mmoja alipatwa na homa usiku, tukapata teksi na dawa bila mtu kuanza kuulizana nani ana hela. Isipotumika mnarudishiana mkifika Dar.

Zawadi za nyumbani, viungo, vikoi, hizo ni za mfuko wa mtu mwenyewe.

Hatua ya 3: Tarehe

Angalieni Ramadhani kwanza. Mchana wa mfungo migahawa mingi mjini imefungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea wenyeji. Sikukuu za Idd, mwisho wa mwaka na wikiendi ya tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili vyumba vinajaa mapema na bei inapanda. Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, mvua ni nyingi lakini vyumba vinashuka bei. Kipindi cha upepo wa kusi, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, hali ya hewa ni nzuri ya kutembea ila bahari inachafuka, wale wenye matumbo mepesi wajue mapema.

Hatua ya 4: Boti

Kateni tiketi wiki moja kabla, kwa mtandao au kwenye ofisi yenyewe ya kampuni pale bandarini. Ukishuka tu maeneo ya Posta karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu watakufuata vishoka wanakwambia boti imejaa njoo huku, wewe nyoosha mpaka dirishani. Kila mtu abebe kitambulisho, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, sio la kwenye grupu. Kuna mwenzetu sote tunamwita jina la utani mpaka mkataji tiketi akataka kuliandika hilo hilo, bahati tuliliona mapema.

Boti ya mwendo kasi inachukua kama masaa mawili hivi. Sisi tunaondoka Ijumaa na ya jioni, tunarudi Jumapili jioni. Mkubaliane muda wa kukutana bandarini uwe saa nzima kabla ya boti, maana foleni za Dar mnazijua na boti haimsubiri mtu.

Hatua ya 5: Pa kulala

Laleni ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, hata kama nyumba ya nje kidogo ni nafuu. Mkilala mbali mtakuwa mnalipa teksi kila mnapotoka, na mtakosa kile kitu kizuri kuliko vyote pale, yani kutoka mlangoni kwa miguu alfajiri watu wanatoka msikitini, mtu anakaanga maandazi, vichochoro viko kimya kabisa. Gari haziingii huko ndani kwaiyo beba begi la mgongoni, sio sanduku la magurudumu. Kabla hamjalipa ulizeni mambo matatu: chai ya asubuhi imo? maji na umeme vikoje? na mwisho wa kubatilisha bila kupoteza hela ni lini?

Hatua ya 6: Siku zenyewe, panga kidogo

Kosa la watu wengi ni kutaka kila kitu, spice tour (kutembelea mashamba ya viungo), msitu wa Jozani, Nungwi, kisiwa cha Changuu, yote ndani ya siku mbili, mnarudi mmechoka na hamjaongea hata kidogo. Sisi tunaweka jambo moja la asubuhi na moja la jioni, katikati kila mtu na miguu yake.

Ijumaa usiku ni bustani ya Forodhani. Msosi unaanza kuwekwa jua likishazama, kuna pweza, mishkaki, chapati, zile pizza za Zanzibar zinazokaangwa kwenye bapa, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Uliza bei ya kila kijiti kabla hujanyoosha mkono, ukishakula hakuna cha kupunguziwa. Ngome Kongwe iko hapo hapo nyuma, waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600. Pembeni yake ni Beit el-Ajaib, yani Jumba la Maajabu, ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na mimi niliyewahi kupanda juu yake nilivyoiona baada ya hapo nilisimama tu sikuwa na la kusema.

Jumamosi asubuhi nendeni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa juu ya eneo lile lile, likisimamiwa na Askofu Edward Steere. Kuna sanamu za watu ndani ya shimo wamefungwa minyororo shingoni, na vyumba vya chini ambavyo ukiingia lazima uiname. Mchukueni mwongozaji wa pale, msiende wenyewe mkapiga picha mkatoka. Na tafadhali msipange kitu cha kelele mara baada ya hapo. Mara ya kwanza tulitoka pale tukakaa kwenye ngazi karibu nusu saa hakuna aliyeongea, alafu mmoja wetu akaanza kusimulia habari za babu yake ambazo hatujawahi kuzisikia miaka yote. Ndo maana nasema acheni nafasi kwenye ratiba.

Mchana urojo. Ukifika sokoni Darajani uliza wenyeji wao wanakula wapi. Bakuli lina viazi, bhajia, kachori, chipsi za muhogo na ule mchuzi wa ukwaju na embe, kwa hela ndogo mtu unashiba mpaka jioni.

Jioni kaeni Jaws Corner, kahawa ya vikombe vidogo na kashata, wazee wanacheza dhumna na kubishana siasa. Salimia kwanza, kaa, sikiliza.

Jumapili asubuhi kama mnataka bahari, Changuu iko karibu, boti kama nusu saa. Kule kuna kobe wakubwa ambao mababu zao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kufunga wafungwa, likawa karantini ya wagonjwa. Mkipatana na nahodha patana bei ya boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, sio ya kichwa, na mjue kisiwani kuna kiingilio chake. Mrudi kabla ya saa saba ili mpate muda wa kuoga na kufunga mabegi.

Mavazi: mabega na magoti vifunikwe mkiwa mitaani. Kaptula za ufukweni ziishie ufukweni.

Haya, maswali karibuni.

MASWALI

Kijana wa Tabata: Mkuu asante kwa somo, mimi nachafukwa sana na bahari, na sisi tumepanga mwezi wa saba. Niache?

*Jibu:* Usiache mdogo wangu. Pita famasi upate dawa ya kichefuchefu cha safari uimeze kabla ya kupanda kama watakavyokuelekeza, sio ukishaanza kuumwa. Usipande na njaa wala usishindilie supu na chapati tatu. Kaa ghorofa ya chini, katikati au nyuma, mbele kunarusha sana. Angalia nje mbali, simu weka mfukoni. Na chagua boti ya asubuhi, kwa uzoefu wangu mimi jioni mawimbi huwa makubwa zaidi.

Dada Zai: Sisi ni wasichana wanne na wakaka wawili, hakuna wanandoa. Vyumba tutasumbuliwa?

*Jibu:* Dada, mkigawana wasichana kwa wasichana na wakaka kwao hamna tatizo lolote. Ila mvulana na msichana chumba kimoja, kuna nyumba za wageni watauliza cheti cha ndoa. Piga simu uulize kabla ya kulipa, usisubiri mkafike pale saa mbili usiku na mabegi.

Mzee Kibena: Binti yangu na wenzake wanataka kwenda na kurudi siku moja tu. Inawezekana?

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, wapande boti ya kwanza ya asubuhi na warudi na ya mwisho ya jioni, watapata kama masaa sita ya kutembea. Waende Mkunazini, wale Darajani, wapite Ngome Kongwe, basi, Changuu waiache. Ila wakate tiketi zote mbili kabisa, wasiende na ya kwenda tu wakitegemea ya kurudi wataipata huko huko, Jumapili jioni boti inajaa.

Neema wa Mbezi: Tuna mwenzetu Mjerumani yuko Dar kwa likizo. Naye anachanga sawa na sisi?

*Jibu:* Hapana, wekeni safu yake peke yake kwenye bajeti. Nauli ya boti ya wageni ni kubwa kuliko yetu, viingilio vingi pia. Awe na pasipoti yake halisi. Na tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanatakiwa kukata bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, aikate kwa mtandao kabla hajafika. Vyumba na chakula mgawane sawa. Mwambieni haya mapema kabla hajatuma kishika nafasi, akiyajulia bandarini atajisikia ameonewa.

Bonge: Kaka, wetu mmoja amelipa elfu 50 alafu sasa anasema ana msiba, tiketi tushakata. Sheria mliyoweka inasema harudishiwi. Mnafanyaje hapo?

*Jibu:* Pole zake kaka. Msiba sio kujitoa. Pigeni simu kwenye kampuni ya boti leo leo muulize kama tiketi yake inaweza kusogezwa tarehe, chumba chake kama hakiwezi kurudishwa mnakibeba nyie mliobaki, ile hela ya dharura ndo kazi yake. Mrudishieni elfu 50 yake kabla ya mazishi, ataihitaji kuliko nyie, na kabla hamjaenda Unguja mpitieni msibani wote mkiwa pamoja.