Msiwashe kila kitu kwa mpigo asubuhi ya baridi
Wenye biashara, kabla ya kulalamikia bei ya uniti, tazameni kama bili yenu ya umeme ina mstari wa kilele cha matumizi: ule wa kW (ukubwa wa umeme mnaovuta kwa wakati mmoja), si kWh (jumla ya umeme mliotumia). Mita za namna hii hupima wastani wa kila dakika 15 au 30, kisha mnatozwa kwa kipimo cha juu kuliko vyote mwezi huo. Yaani hita, kompresa na oveni zikiwashwa pamoja asubuhi moja tu ya baridi, mnailipia mwezi mzima, na kwingine hata zaidi ya mwezi. Washeni hita mapema, kabla ya saa za kilele. Joto likishaenea zipunguzeni, ndipo kompresa ianze. Taima ya kawaida inatosha kuviwasha kwa zamu. Kuchaji foklifti kusukumeni usiku.