Jinsi ya Kutunza Seva ya Enemy Territory kwa Kujitolea

Mchezo wa kompyuta wa Wolfenstein: Enemy Territory, unaochezwa mtandaoni, ulitengenezwa na kampuni ya Splash Damage ya Uingereza na kutolewa mwezi Mei 2003, nao ulikuwa wa bure tangu siku ya kwanza. Una timu mbili za askari wa Vita Kuu ya Pili na ramani sita za asili, mojawapo ikiwa Oasis iliyowekwa katika jangwa la Afrika Kaskazini. Toleo rasmi la mwisho ni 2.60b. Mwaka 2010 msimbo wake uliwekwa wazi chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na watu wa kujitolea wakautumia kujenga ET: Legacy, programu inayouwezesha mchezo kufanya kazi kwenye kompyuta za leo. Mchezo huu unaishi kwa sababu kuna watu wanaolipia seva, wanaotunza ramani na wanaokesha kusuluhisha ugomvi bila malipo yoyote. Ninayoyaeleza hapa ni kwa ajili ya yule anayetaka kuingia katika kazi hiyo.

Usianze kwa kufungua seva yako. Wachezaji waliobaki ni wachache, na kila seva mpya inawagawa zaidi, kiasi kwamba seva mbili zenye watu wanne wanne huishia kuwa tupu zote mbili. Tafuta seva ambayo bado ina watu jioni, cheza hapo kwa muda wa kutosha kufahamika, kisha muulize mwenye seva ni kazi gani imemwelemea. Mara nyingi utakuta programu haijasasishwa kwa muda mrefu, hakuna anayejaribu ramani mpya kabla hazijawekwa, na hakuna wa kumsaidia mchezaji wa zamani anayerudi na kukuta nakala yake haifunguki. Huyo wa mwisho apewe kipaumbele. Kompyuta za Apple, kwa mfano, ziliacha kuendesha programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani, mwaka 2019, na mtu wa namna hiyo atakata tamaa haraka asipopata wa kumwelekeza kwenye ET: Legacy.

Ukikabidhiwa seva yenyewe, utakuta haihitaji mashine kubwa, kwa kuwa mchezo uliandikwa kwa kompyuta za zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kilicho muhimu ni mahali ilipo. Wachezaji wengi wako Ulaya, hivyo seva ikae Ulaya, hata kama wewe unaisimamia kutoka Mombasa au Dar es Salaam na unavumilia ucheleweshaji unapocheza. Kabla ya kubadilisha programu ya seva, hakikisha modi inayotumika, yaani nyongeza inayobadilisha kanuni za mchezo, inakubaliana na toleo jipya, maana modi kadhaa za zamani zilitengenezwa kwa biti 32 tu na hazitafunguka kwenye seva ya biti 64.

Usalama una mambo mawili ambayo hayavumilii uzembe. La kwanza ni nenosiri la rcon, yaani la kuidhibiti seva kutoka mbali, ambalo humpa aliye nalo amri zote za seva na ambalo husafiri mtandaoni bila kufichwa. Usiligawe kwa wasimamizi wa jioni. Wape mamlaka kupitia ngazi za modi, ili kila mmoja awe na amri anazozihitaji peke yake. La pili ni kwamba seva hujibu maulizo mafupi kuhusu hali yake kwa majibu marefu, na wahalifu hulitumia jambo hilo kughushi anwani ya mtu mwingine ili majibu yote yamfurike yeye. ET: Legacy ina kinga dhidi ya hila hiyo, lakini programu ya seva ya mwaka 2003 haina, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuiacha.

Ramani ndizo zitakazokula muda wako. Kila ramani ya ziada huja katika faili la pk3, ambalo kwa kweli ni faili la zip lenye jina jingine. Faili hizo husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na inayosomwa baadaye hufunika vitu vyenye jina lilelile katika iliyotangulia. Kwa hiyo ramani moja iliyotengenezwa ovyo inaweza kubadilisha sauti au silaha katika ramani nyingine zote, na malalamiko yakakufikia kuhusu ramani isiyo na kosa lolote. Fungua kila pk3 mpya kwa programu ya kawaida ya zip, angalia kama ina kitu kisichohusu ramani hiyo, kisha ijaribu kwenye seva ya pembeni. Ukilazimika kurekebisha kitu ndani yake, lipe faili jina jipya. Usilihariri na kulirudisha kwa jina lilelile, kwa sababu kila mchezaji mwenye nakala ya zamani atakuwa na faili lisilolingana na la seva na anaweza kushindwa kuingia. Halafu weka nakala za ramani kwenye seva ya kawaida ya wavuti na uielekeze seva ya mchezo huko kwa mipangilio ya sv_wwwDownload na sv_wwwBaseURL. Upakuaji wa moja kwa moja kutoka seva ya mchezo ni wa polepole mno, na mgeni hatangoja.

Hata seva iliyotunzwa vizuri hufa ikiwa kila anayeingia anakuta hakuna mtu na kuondoka baada ya dakika moja. Wanaweza kuingia watu kumi katika saa moja wasikutane hata wawili. Tiba yake ni kuwa na jioni maalumu ya wiki inayojulikana na wote, na wewe uwe wa kwanza kuingia na kukaa hata kama uko peke yako. Saa mbili usiku ya Ujerumani ni saa nne usiku kwetu Afrika Mashariki wakati wa baridi yao, na saa tatu wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo jipange kulala kwa kuchelewa. Programu ya Omni-bot huleta wachezaji bandia wanaoshikilia mchezo mpaka binadamu wafike. Wapange wapungue kadiri watu wanavyoingia, na ukumbuke kwamba hawawezi kutembea kwenye ramani ambayo haijaandaliwa faili la njia zao. Watu wakiwa sita, usiwawekee ramani kubwa ya Railgun, kwani watatumia muda mwingi kutafutana.

Kuhusu ugomvi, andika kila adhabu pamoja na tarehe, sababu na jina la msimamizi aliyeitoa. Mchezaji hodari hutuhumiwa wizi wa shabaha, yaani kutumia programu inayomlengea, kila wiki, na katika jamii ya watu wachache kumfungia asiye na hatia ni hasara isiyofidika. Tazama rekodi ya mchezo kabla ya kuamua, tena umshirikishe msimamizi mwingine.

Shukrani zitakuwa haba. Seva ikikaa miezi bila kuzimika hakuna atakayekuandikia, na ikizimika nusu saa utapokea lawama kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuchangia hata senti. Sioni kama huo ni utovu wa adabu. Mchezaji huona anachokosa, haoni kilichozuiwa kisitokee. Hata hivyo, jilinde: amua mapema ni jioni ngapi na fedha kiasi gani unaweza kutoa bila kuiumiza familia yako, uwaambie wenzako, na usivuke mpaka huo. Nawe uwe wa kwanza kumshukuru kwa jina aliyetengeneza ramani au aliyelipia seva kwa mwezi.

Seva nyingi za aina hii hupotea mmiliki anapougua au kubanwa na maisha akiwa ndiye pekee mwenye funguo. Basi hakikisha watu wawili zaidi wanaweza kuingia kwenye mashine, kwenye akaunti inayolipia jina la kikoa na mahali nakala za akiba zinapohifadhiwa, pamoja na hifadhidata ya pointi za wachezaji. Andika kwa lugha rahisi jinsi ya kuiwasha seva upya kuanzia mwanzo, kisha mpe mwenzako karatasi hiyo, umwombe aiwashe seva ya majaribio bila kukuuliza neno. Popote atakapokwama, rekebisha maelezo hayo siku hiyohiyo.