Kuwalaza vijana msituni, jimbo la New York: kibali, maji, chakula na choo

Mlezi wa vijana wa kanisa au madrasa huko Buffalo, Rochester, Utica au Syracuse anayetaka kuwapeleka msituni bila gharama kubwa, aanzie kwenye misitu ya jimbo inayosimamiwa na Idara ya Uhifadhi wa Mazingira, DEC. Asiichanganye na mbuga za mapumziko za jimbo, zenye bafu na ada ya kila usiku. Msituni mara nyingi hakuna bomba, choo wala pipa la taka.

Watu 9 wakilala usiku 3 hawahitaji kibali. Mkifika 10, au mkizidisha usiku 3 mahali pamoja, lazima mpate kibali kwa askari wa misitu wa eneo hilo. Hakilipiwi, ila mwombaji awe ametimiza miaka 18. Mpigieni wiki kadhaa kabla, kwa sababu ndiye anayejua ni wapi pataenea watu 20 na barabara ipi imejaa tope. Milima ya High Peaks huko Adirondack iacheni. Kule kundi la kulala haliruhusiwi kuzidi watu 8.

Hema zikae futi 150 au zaidi (hatua ndefu kama 60) kutoka barabara, njia ya miguu na maji yoyote, isipokuwa pale penye kibao cha kuruhusu kambi. Kabla ya kupiga hema, tazameni juu: tawi kavu lililoning'inia huanguka hata bila upepo. Bondeni msilale, ndiko baridi na maji ya mvua hutuama. Hata Julai usiku waweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na baridi kali hutoka ardhini. Kijana mwenye mablanketi mawili bila mkeka wa povu chini yake atatetemeka hadi asubuhi.

Maji ndiyo huwashinda wengi. Hesabuni lita 4 kwa mtu kwa siku: watu 20 ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na kila moja lina uzito wa kilo 20. Basi chagueni mahali karibu na maegesho. Maji ya kijito, hata yawe maangavu, yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima.

Ugali wa watu 20 unataka unga kilo 3.5 na maji lita 7 hivi. Usongeni kwenye sufuria mbili. Jiko la kambi lenye miguu mirefu hupinduka mwiko ukikaza, na uji wa moto huunguza vibaya. Tumieni jiko fupi lililokaa imara ardhini, lenye mtungi wa gesi wa paundi 20. Maji ya kuoshea vyombo yachujwe, ukoko na mabaki yarudi nyumbani kwenye mfuko, kwani harufu huita dubu. Chakula, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka vifungiwe garini. Gari likiwa mbali, vitundikwe futi 15 juu na futi 10 kutoka shina.

Kuni za nyumbani zisizokaushwa kwa joto maalumu haziruhusiwi kusafirishwa zaidi ya maili 50, kwa kuwa hubeba wadudu waharibifu wa miti. Okoteni zilizokwisha kufa na kuanguka. Mti uliosimama hata mkavu usikatwe.

Kwa choo, kila mtu achimbe shimo la inchi 6 hadi 8 kwa koleo dogo, futi 150 kutoka maji, kisha alifukie. Wanaojitawaza wabebe chupa yao ya maji hadi pale pale, wasishuke kijitoni. Mashimo yatawanywe; watu 20 wakirudi sehemu moja, siku ya pili panavunda.

Kila jioni vijana wajikague kupe: kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Akipatikana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na avutwe taratibu moja kwa moja. Msimpake mafuta wala kumchoma. Namba ya askari wa misitu, jina la msitu na fomu za wazazi zenye mzio na dawa za kila mtoto ziwe kwenye karatasi, kwa walezi wawili tofauti, kwani simu nyingi hupoteza mtandao huko.