Trela la Kwanza la Safari: Anzia kwenye Mlango wa Gari

Wengi wetu tulioko Marekani tukienda kutazama trela la safari, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, tunaanza na vitanda. Tunafungua makabati, tunakalia sofa, watoto wanapanda kitanda cha juu na kugoma kushuka. Muuzaji anauliza unaendesha gari gani. Ukimtajia tu, jibu liko tayari: "Hilo linavuta hata paundi 7,500, usiwe na shaka." Wala hakudanganyi. Ila namba itakayokukwamisha ni nyingine.

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango pamebandikwa stika inayosema uzito wa watu na mizigo usizidi kiasi fulani. Tuseme imeandikwa paundi 1,300. Sasa piga hesabu. Trela likishapakiwa lina paundi 6,000, yaani kama kilo 2,700. Uzito huo wote haubebwi na magurudumu ya trela. Asilimia 10 hadi 15 hukalia lile tufe la chuma nyuma ya gari lako. Tukichukua asilimia 12, hizo ni paundi 720. Nyinyi mko wanne, kwa pamoja paundi 600. Jumla 1,320, na hata begi moja hamjaweka. Injini ingevuta bila shida, lakini springi za nyuma zimeshalemewa, taa za mbele zinamulika juu ya miti na usukani umekuwa mwepesi kuliko unavyopaswa kuwa.

Kwa hiyo namba ya kwanza unayoitafuta ni ya mlangoni, ya pili ni ile iliyo ubavuni mwa trela lenyewe, penye herufi GVWR. Huo ndio uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa na kila kitu. Muuzaji atapenda kukutajia uzito wa trela tupu, lakini hakuna anayesafiri na trela tupu. Galoni moja ya maji ina zaidi ya paundi 8, hivyo tangi la galoni 40 likijaa umeongeza paundi 330 kabla ya sufuria, viti na baiskeli. Mimi hupanga hesabu zangu kwa GVWR, kisha nikishapakia napita kwenye mizani ya malori iliyo kwenye vituo vikubwa vya mafuta barabara kuu.

Mpangilio wa mizigo nao nilijifunza baada ya kutishika. Safari yangu ya kwanza nilijaza vitu vizito nyuma ya trela kwa sababu kabati la huko ndilo lililokuwa kubwa, na baiskeli nikazifunga nje, nyuma kabisa. Lori liliponipita kwa kasi, trela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, na gari likaanza kulifuata. Mguu unataka kukanyaga breki; usiuruhusu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, na kwa mkono bonyeza breki ya trela pekee kwenye kile kifaa kinachofungwa karibu na usukani. Kama gari lako halina kifaa hicho, kifungwe kabla ya kulileta trela nyumbani. Dawa yenyewe ni mpangilio wa mizigo: kilicho kizito kikae chini na mbele kidogo ya magurudumu ya trela. Mbele ikiwa nyepesi mno, trela huyumba.

Kuunganisha hakuhitaji utaalamu, kunahitaji kutokuwa na haraka. Hakikisha tufe lina kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye kishikio cha trela. Ukishafunga, pandisha jeki kidogo: sehemu ya nyuma ya gari ikiinuka pamoja na trela, pameshika kweli. Minyororo ipite kwa kupishana chini ya kishikio. Ule waya mwembamba unaowasha breki za trela likichomoka ufunge kwenye gari lenyewe, usiufunge kwenye minyororo. Mwache mtu nyuma akutazamie taa. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya maili 50 hivi za mwanzo.

Matairi yanastahili jicho la pili, hasa kwa trela lililotumika. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tazama tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, hivyo kashata nzuri zisikudanganye. Na baadhi yake yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa. California hairuhusu zaidi ya 55 ukiwa unavuta.

Ukiwa unanunua la mkono wa pili, adui mkubwa ni maji ya mvua. Bonyeza kuta kwenye kona na chini ya madirisha, kanyaga sakafu karibu na mlango na choo. Pakibonyea, ondoka, hata bei ikiwa tamu namna gani. Uliza pia mapema utaliegesha wapi. Mitaa mingi yenye kamati za wakazi hairuhusu trela kulala mbele ya nyumba.

Kurudi nyuma kufanyie mazoezi kwenye maegesho yasiyo na magari. Shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, sehemu ya nyuma ya trela inakwenda kushoto. Zungusha kidogo, subiri, tazama. Ukipotea, vuta mbele uanze upya. Shuka ukaangalie mara tano ukitaka; hakuna mwenyeji wa kambi atakayekucheka, wote walipitia hapo.

Ukifika, sawazisha kwanza kushoto na kulia kwa vibao chini ya magurudumu, weka vizuizi vya magurudumu, ndipo ulitenganishe na gari. Plagi ya trela dogo ni ya ampea 30 na volti 120. Fundi umeme asiyezijua trela akiiona huidhani ya mashine ya kukaushia nguo, anakuwekea volti 240 nyumbani, na unaunguza vifaa vyote kwa sekunde moja. Hita ya maji nayo usiiwashe kabla tangi lake halijajaa.

Limebaki la choo. Matangi ya maji machafu ni mawili, la kinyesi na la maji ya sinki na bafu. Valvu ya la kinyesi ikae imefungwa muda wote. Ukiiacha wazi, maji hutiririka na kigumu kinabaki, kinajijenga kama kichuguu chini ya choo, na utakipata siku ya kuondoka. Tia maji kabla ya kuanza kutumia, flashi kwa ukarimu, na mwage tangi likiwa limejaa zaidi ya nusu. Anza na la kinyesi, kisha la maji ya sinki, yapite yakisafisha bomba. Vaa glavu, na bomba hilo usilihifadhi kabati moja na la maji ya kunywa.