Zawadi ya Krismasi ya kuchangia: uliza kwanza umri na darasa

Majilio yakianza, kikapu cha zawadi huwekwa nyuma ya kanisa letu hapa Dodoma, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, kazi ya kupanga kilichomo napewa mimi. Kila mwaka kinachojaa ni midoli na vinguo vya watoto wachanga. Wa miaka kumi na minne akija, natafuta mpaka chini sipati kitu. Ndiyo maana naandika haya kabla hujaenda sokoni.

Kabla ya kununua, muulize mlezi au msimamizi wa kituo mambo manne: umri, kama ni wa kike au wa kiume, darasa atakaloingia Januari, na urefu wa unyayo. Jina si lazima. Unyayo upimwe kwa uzi, kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, kisha uzi huo uende nao dukani na uongeze upana wa kidole kimoja. Kwa nguo, umri pekee haunitoshi. Wapo watoto wa miaka minane wenye mwili wa miaka sita, kwa hiyo omba pia kipimo cha mabega. Ukikosa, chukua kubwa yenye pindo pana. Kubwa naipunguza, na mwakani pindo linafumuliwa. Ndogo sina la kuifanya.

Kwa walio chini ya miaka mitatu, jambo kuu ni koo. Chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kichezeo au kipande chake chochote kinachopita humo kisimfikie mtoto huyo. Mdoli wenye macho ya vifungo uvute macho kwa nguvu. Mimi huyang'oa na kudarizi mengine kwa uzi. Vitu vya kuwaka taa na kuimba viangalie mlango wa betri: kama haukufungwa kwa skrubu, usilete. Zile betri bapa ndogo zikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, na mtoto hawezi kukueleza amemeza nini. Maputo pia sipokei kwa wadogo, na karanga na pipi ngumu ziache hadi wapite miaka mitano. Wala usilete maziwa ya kopo na chupa kwa kichanga. Kama mama yupo, mletee yeye khanga au sabuni.

Wa miaka mitatu hadi mitano hawasumbui: penseli za rangi zilizo nene, karatasi, vibao vya kupanga, mpira laini. Wanafurahi.

Kuanzia darasa la kwanza, kitabu cha hadithi kiwe cha Kiswahili, kwa sababu shule zetu za serikali hufundisha kwa Kiswahili hadi la saba. Mipira ina namba: 3 kwa walio chini ya miaka minane, 4 hadi kumi na mbili, 5 kwa wakubwa. Viwanja vyetu vina miiba ya migunga, kwa hiyo tafuta mpira wa ngozi nene, na uweke pampu pamoja na sindano yake. Wasichana wengi watakushukuru kwa kamba ya kuruka na mpira wa rede. Lakini uliza, maana wako wanaotaka namba 4 kama kaka zao.

Sasa hawa wakubwa, na hapa ndipo nawaomba sana. Ada ilifutwa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, ila sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi. Anayeingia kidato cha kwanza anahitaji kaunta buku, mkebe, viatu vyeusi na begi lenye mshono wa mara mbili kwenye mikanda (vuta mkanda hapohapo dukani). Muongezee kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Alifundishwa Sayansi yote kwa Kiswahili, na Januari inaanza kwa Kiingereza. Rangi ya sketi au suruali uliza shuleni, maana haifanani shule na shule.

Msichana aliyevunja ungo apewe pedi za miezi kadhaa na chupi mpya, kwenye mfuko usioonyesha. Nashona pedi za kufua, ila zinataka maji, sabuni na jua. Kama anakaa bweni lenye shida ya maji, nunua za kutupa. Mvulana naye apewe bukta mpya na mkanda. Nguo za ndani za mitumba usilete kabisa. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezipiga marufuku, na hata isingezipiga, zawadi ya namna hiyo inamshusha mtoto. Shati la mitumba safi, lisilo na doa kwenye kola, nalipokea kwa mikono miwili.

Mtoto mwenye ualbino mletee kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Asiyeona, kama wale wa shule ya Buigiri, anahitaji mpira unaolia na vitu vyenye umbo linalotambulika kwa vidole.

Wanaokaa nyumba moja au kituo kimoja wapewe mifuko inayolingana, wasipishane sana thamani. Kama umemletea mmoja begi, tuambie tumtafutie na mwenzake.

Leta wiki mbili kabla ya sikukuu. Usifunge kwa gundi wala karatasi ya maua. Acha mfuko wazi, bandika umri na darasa kwa nje, na weka risiti ya viatu ndani ili tukibadilishe kisichomtosha.