Pikipiki ya safari iliyotumika, Uingereza: anza na mgongo wako

Wengi wetu tuliojifunzia pikipiki kwenye Boxer ya bodaboda, tukifika Uingereza tunarudi darasa la kwanza: pikipiki ya cc 125, kibandiko cha L cha mwanafunzi, cheti cha CBT (mafunzo ya lazima ya mwanzo) cha miaka 2, na motorway, yaani barabara kuu za mwendo kasi, marufuku. Halafu kazi inahamia mji wa jirani, unapasi leseni kamili ya A, ya pikipiki ya ukubwa wowote (njia ya moja kwa moja inaanzia miaka 24), na macho yanaanza kuhangaika na matangazo. Kama bado unatumia leseni ya Kenya au Tanzania, kumbuka inakubeba miezi 12 tu tangu uwe mkaazi, tena kwa aina ya chombo kilichoandikwa humo. Maliza hilo kwanza.

Macho huangukia pikipiki za mbio, zile za kulalia tangi. Ni nzuri kuzitazama. Saa moja ndani ya motorway ya M1, viganja vimekufa ganzi na shingo imekaza. Kwa anayekwenda mbali kuna kundi jingine, spoti turingi: injini ina nguvu, kona inakata vizuri, ila usukani umeinuliwa, kioo cha mbele kinakukinga upepo na masanduku ya pembeni yanabeba sare ya kazi na chakula. Kwa pauni 3,000 hadi 5,000 unapata mashine ambayo mwenye kwanza aliilipia pesa nyingi sana.

Kabla ya kupenda jina lolote, nenda dukani ukaikalie. Si dakika moja ya kupiga picha. Kaa kumi, mikono kwenye usukani, miguu kwenye vikanyagio. Uzito wako ukiwa unaegemea viganja, hiyo si yako, hata kama inasifiwa vipi. Magoti yakikunjwa sana, nyonga zitalalamika baada ya maili hamsini. Kisha isukume kwa mkono, kinyumenyume, ukiwa umesimama chini. Yamaha FJR1300 yenye tangi limejaa inakaribia kilo 300, na Honda ST1300 inapita hapo. Barabarani huusikii uzito huo. Utausikia saa tano usiku, umetoka shifti, uwanja wa nyumba una mteremko na umelowa mvua.

Kioo cha mbele nacho hudanganya. Kifupi kinaurusha upepo kwenye kofia yako, kichwa kinatikiswa njia nzima na masikio yanavuma. Hilo hulijui mpaka ufike maili 70 kwa saa. FJR, ST1300 na BMW R1200RT zina kioo kinachopanda na kushuka kwa umeme, na kwa mtu wa motorway hicho kina thamani kuliko nguvu ya farasi ishirini ya ziada.

Nikiulizwa niseme wazi: FJR1300, iliyotoka 2001, ni mfanyakazi. Ina shafti badala ya cheni, haina makuu, ingawa za mwanzo huchoma mapaja wakati wa joto. R1200RT ndiyo yenye starehe kuliko zote hapa, lakini vipuri vyake si vya kuchezea. Triumph Sprint ST 1050 ni rahisi na tamu, ila inakuinamisha kidogo. Honda VFR800 ina sauti ya kumpoteza mtu akili, nayo pia inainamisha. Na kwa anayekwenda kazini tu, mimi ningemwelekeza kwenye Honda Deauville NT700V. Wenzako watakucheka, maana ina sura ya mzee wa kanisa, lakini ina shafti, inakaliwa vizuri na wezi hawaitamani sana.

Ukishapata tangazo, usimpigie mwenyewe bado. Chukua namba ya pikipiki, ingia tovuti ya serikali, fungua historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa usalama wa chombo. Ni bure. Ukaguzi huo huanza pikipiki ikifikisha miaka 3, na kila mwaka unaandika maili na kasoro. Soma kama barua. Maili zikirudi nyuma, achana nayo. Zikipanda 200 tu kwa mwaka, ilikuwa imelala, na pikipiki iliyolala hukausha sili na kuua betri. Onyo lilelile la tairi au breki likijirudia miaka miwili, umeshamjua mwenyewe kabla hujamwona. Linganisha maili hizo na risiti: VFR800 za kuanzia 2002, zenye VTEC (mfumo wa Honda wa kubadili kazi ya valvu), zinataka valvu zikaguliwe kila maili 16,000, na si kazi ya bei rahisi. FJR ni karibu maili 26,600. Mita inasoma 28,000 na hakuna risiti ya valvu? Gharama hiyo itoke kwenye bei.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha injini. Ikiwa ya moto, huenda anaficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Beba kipimo cha volti: ikiwa imezimwa betri nzuri husoma karibu 12.6, na kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inapaswa kufika kwenye 14. Isipopanda, mfumo wa chaji unaumwa, na VFR za zamani zina sifa hiyo mbaya. Isimamishe kwa stendi ya katikati, gurudumu la mbele likiwa hewani, zungusha usukani polepole: ukikwama kidogo pale katikati, beringi zimekwisha. Futa shokapu za mbele kwa tishu, zibonyeze mara kadhaa, tazama kama mduara wa oili unarudi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne, kwa mfano 2317, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo litolewe hata kama kashata zake bado ndefu. Jaribu funguo kwenye kila sanduku.

Sasa karatasi. V5C, yaani hati ya usajili, inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, haithibitishi mwenye mali. Kwa hiyo lipia ukaguzi wa deni, wizi na ajali. Ukiona alama ya S au N, iliwahi kuandikwa hasara na bima. Namba ya fremu iliyogongwa chumani ilingane na ya V5C, na ununue nyumbani kwa mtu, pale palipoandikwa humo. Kodi ya barabara ya mwenye zamani haihamii kwako. Ukiishi London, ya kabla ya Julai 2007 inaweza kukutoza pauni 12.50 kila siku unayoiendesha ndani ya ULEZ, eneo linalotoza vyombo vyenye moshi mchafu. Bei ya bima iulize kabla ya kutoka nyumbani.

Na usione haya kumkagua mwenzetu. Mali ya mtu wa grupu la WhatsApp la Wakenya au Watanzania inapitia hatua zilezile, hata kama mlisali pamoja Jumapili au Ijumaa. Habari za "tutaandikishana baadaye" zikatae palepale: usajili ukibaki kwa jina lake, faini zako zinamfuata yeye, na udugu unaishia hapo. Mabadiliko yanafanyika mtandaoni kwa simu yako, dakika chache, mkiwa mmesimama wote wawili.

Ukiifikisha nyumbani, tafuta kirungu au skrubu ya kukazia shokapu la nyuma na uipange kwa uzito wako, maana aliyekuuzia huenda alikuwa na kilo 60 na alipanda peke yake. Nunua na vizibo vya masikio. Vinauzwa senti, na kelele za upepo huchosha dereva kuliko kiti kibovu.