Kufuatilia seli hai kwenye tangi: darubini kwanza, sensa baadaye

Saa nane za usiku, nikiwa zamu, grafu ya sensa (kihisi) ya tangi la kukuzia seli iliendelea kupanda, ilhali darubini ilinionyesha kwamba seli zimeacha kuongezeka tangu jana yake. Nilirudia kuhesabu mara tatu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na sensa nayo ilikuwa nzima. Kila moja ilipima kitu chake.

Anza na darubini, maana huyo ndiye shahidi wako. Chota sampuli mkorogo ukiwa unazunguka, na umwage mililita chache za mwanzo. Zimelala kwenye mrija wa kuchotea, hazisemi kweli kuhusu tangi. Changanya kiasi sawa cha sampuli na rangi ya tripani bluu ya asilimia 0.4, kisha hesabu ndani ya dakika tano. Usichelewe: rangi hiyo ina sumu, itaanza kuua seli ulizokuja kuhesabu. Seli hai hubaki angavu, ukingo wake mkali; iliyokufa hunywa rangi ikawa bluu yote. Kwenye kioo cha kuhesabia, mraba mkubwa hubeba mililita 0.0001. Tuseme miraba minne ya pembeni ina seli hai 160. Wastani ni 40. Zidisha kwa 2 kwa sababu ya rangi, kisha kwa 10,000: seli 800,000 kwa mililita. Ukiona na seli 10 zilizokufa, basi zilizo hai ni asilimia 94.

Sasa sensa ya kapasitansi, yaani inayopima uwezo wa kushika chaji ya umeme. Inapitisha umeme wa masafa ya redio, na seli yenye utando mzima hushika chaji kama kapasita ndogo, kile kifaa cha kuhifadhi chaji. Iliyokufa utando wake umetoboka, haishiki kitu. Ndiyo maana naiamini kuliko kipimo cha ukungu wa kimiminika, kinachochanganya hai, mfu na takataka. Ila inachosoma ni ujazo wa seli hai, si idadi yake. Seli zikiacha kugawanyika mara nyingi hunenepa, na kipenyo kikitoka mikroni 14 hadi 16 tu, ujazo huongezeka kwa karibu nusu. Hicho ndicho kilichonikeshesha usiku ule.

Sifurisha sensa (iweke isome sifuri) kabla ya kupanda seli, kimiminika kikiwa kwenye joto, kasi ya mkorogo na hewa utakayotumia. Iwe mbali na bomba la hewa. Mapovu huvuruga usomaji. Kila siku linganisha usomaji wa sensa, ambao ni pikofaradi (kipimo cha kapasitansi) kwa sentimita, na hesabu ya darubini kwenye grafu, ukiandika dakika halisi uliyochota sampuli, si dakika uliyomaliza kuhesabu. Wakati wa ukuaji nukta zitakaa kwenye mstari mmoja, nao ndio utakaoutumia kubadili usomaji kuwa idadi. Siku nukta zikianza kuuacha mstari, pima kipenyo cha seli kabla ya kugusa lishe au kurekebisha sensa.